Kufunga kwa Ajili ya Sangara

Kazi yangu ni kukata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Musoma. Nimeifanya miaka mingi, mpaka asubuhi nikiamka nakuta vidole vya mkono wa kulia vimejikunja vyenyewe kama vimeshika kisu, na inabidi nivinyooshe kimoja kimoja kwenye maji ya moto. Siku zote tunaanza kwa sala. Hakuna bosi aliyeagiza. Tunaingia chumba cha kubadilishia nguo, tunavaa gambuti na aproni, tunafunika nywele, halafu mmoja wetu anasema, "Jamani, tuombe," na maongezi yanakatika.

Kwa muda mrefu aliyekuwa akisema hivyo alikuwa mwanamke aliyetoka Kibara, mrefu, mwenye sauti nzito. Tulisimama meza moja, mimi upande huu, yeye upande ule. Yeye ni mlokole. Mimi ni Mkatoliki wa Butiama, nimelelewa kwa rozari na Baba Yetu, na kwetu mtu akiomba kwa maneno yake mwenyewe mbele za watu anaonekana anajionyesha. Mwanzoni sala zake zilinichosha. Aliombea visu visitukate, aliombea waliopakia barafu, akamwombea mume wa huyu na mtoto wa yule, mpaka msimamizi anagonga mlango kwa funguo zake.

"Mungu anasikia hata kwa kifupi, mama," msimamizi alikuwa akisema. "Gari liko nje."

Baadaye nikazoea. Akienda likizo, nilijiona kama nimeingia kazini bila kunawa uso.

Kisha samaki wakapungua. Magari yaliyokuwa yakitoka mialoni, wavuvi wanakoshushia samaki, yamejaa yakaanza kufika nusu, na mengine yakaleta sangara wadogo ambao hata kuwalaza mezani unaona haya. Wengine walilaumu makokoro, zile nyavu zinazozoa mpaka vifaranga, wengine walisema ziwa nalo limechoka. Unafika kazini, unavaa, unaomba, unakaa kwenye benchi kusubiri. Jua linapanda. Msimamizi anatoka ofisini, hamtazami mtu usoni, anasema leo hakuna. Unavua kila kitu na kurudi nyumbani. Nilikuwa nadhani hakuna kinachochosha kama kusimama kutwa kwenye sakafu yenye barafu. Kumbe kukaa kunachosha zaidi.

Asubuhi moja, baada ya amina, yule mwenzangu alisema ameanza kufunga.

"Nitafunga mpaka samaki warudi," alisema. "Anayetaka tuungane, karibu."

Wachache waliungana naye, wakaacha mmoja mmoja kimyakimya. Yeye akaendelea. Alikuwa anakunywa maji na uji kidogo jioni, basi. Siku tulizopata samaki nilimtazama ng'ambo ya meza, nikaona aproni inamzunguka mara mbili.

"Dada, humu ndani ni baridi," nilimwambia. "Huwezi kufunga na kukata."

"Yesu alifunga jangwani."

"Lakini hakuwa na kisu mkononi."

Alicheka. Alikuwaga mwepesi wa kucheka. Kisha akaniambia kwamba baba yake alikuwa mvuvi, na kila aliporudi kutoka kisiwa cha Rukuba na mtumbwi mtupu, mama yao aliwakusanya watoto wote, wakafunga na kuomba, na kesho yake baba akarudi na samaki.

"Kila mara?" nilimuuliza.

Alikata mnofu mzima, akaulaza kwenye trei, ndipo akajibu. "Si kila mara."

Hatimaye ikaja siku ambayo gari lilifika limejaa. Sangara wakubwa, wa kubebwa na watu wawili. Wanawake walianza kuimba wakiwa bado kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na yeye aliimba kuliko wote. Nami nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilifikiri, huenda huyu mama anajua kitu ambacho sisi wa rozari hatukijui. Nilimwambia sasa ale. Alisema atakula jioni, baada ya kumshukuru Mungu.

Mchana, nikiwa nimeinama juu ya samaki, nilisikia wimbo umekatika. Nilipoinua macho, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Aliangukia ukingo wa meza na kisu kikiwa mkononi, na mkono wa kushoto ukawa chini ya kisu. Hakupiga kelele. Alitazama kiganja chake kilichofunguka, kama anashangaa ni cha nani.

Msimamizi alikuja mbio, akavua shati lake, akaufunga ule mkono, akambeba mwenyewe mpaka kwenye gari la kiwanda. Alipokuwa mlangoni alituangalia sisi tuliosimama. "Endeleeni," alisema, na sauti yake haikuwa ya kuamrisha. "Samaki hawasubiri." Tukamwagia meza maji, tukaendelea mpaka samaki wakaisha. Hakuna aliyeimba.

Hospitalini walimshona vizuri, lakini kisu kilikuwa kimekata kano. Vidole viwili havikukunjika tena. Nilipokwenda kumtazama, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa kuhusu samaki.

"Wamekuja tena?"

Nilitamani kumwambia ndiyo. "Jana hawakuja," nilisema. "Na leo pia."

Aligeukia ukutani. Nilikaa naye mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Kazini, asubuhi, watu walivaa wakasimama kama kawaida, lakini hakuna aliyesema tuombe. Nikaona wote wananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa meza yake. Maneno yangu mwenyewe sikuwa nayo. Nikaanza Baba Yetu. Nilipofika kwenye mkate wetu wa kila siku, nilinyamaza. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimechoka tu, hata kusema mkate kulikuwa kazi. Wengine, walokole kwa Wasabato, wakaidaka wakaimalizia. Msimamizi alikuwa mlangoni, funguo ziko kimya mkononi. Akasema amina pamoja nasi, halafu akasema, "Gari halijafika."

Kiwanda hakikufa. Kinafungua samaki wakiwepo, kinafunga wasipokuwepo, na mimi bado nakwenda. Sala naiongoza mimi, fupi. Hakuna anayelalamika, na hakuna anayeisifu.

Yeye alirudi kwao. Mwaka huu nilipata nafasi nikapanda gari mpaka Bunda, nikaunganisha la Kibara. Nilimkuta ufukweni na dada yake, wanaanika dagaa. Anawatawanya kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto anautumia kama reki. Alinipikia ugali na sato, na tulipokuwa tunakula nilimuuliza habari za kanisani.

"Wananiuliza kama imani yangu ilikuwa ndogo," alisema.

"Nawe unawajibu nini?"

"Nawaambia nilikuwa na njaa."

Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi. Sikujua kama nicheke. Nilimuuliza kama bado anaomba.

"Naomba. Ila nakula kwanza." Alitoa mwiba kwenye sato, akaendelea: "Sijamwelewa, dada. Lakini nani mwingine nitaongea naye nikiwa naanika dagaa peke yangu?"

Nilipotaka kuondoka alisema lazima aniombee safari. Tukakaa kwenye mkeka, akaniwekea kiganja kichwani, kile chenye vidole vigumu, akaanza kuomba kwa lugha ya kwao, ambayo nashika neno moja moja tu. Ilikuwa ndefu, kama zile za zamani. Nilisikia akitaja njia, akitaja watoto wangu. Joto la mchana lilikuwa zito, na sauti yake ilishuka na kupanda bila haraka.

Nilisinzia. Niliposhtuka nilikuwa nimelala ubavu, amenifunika kanga, naye yuko nje anageuza dagaa. Gari la Bunda lilikuwa limeshaondoka.

"Lala tu," alisema bila kugeuka. "La kesho lipo."