Figa la Tatu

Juzi, jikoni kwa dada yangu Biharamulo, niliona figa moja jeusi, nikanusa tena nyasi kavu za kilima nilichopanda na Bibi nikiwa mtoto. Siku ile Bibi alikuwa aking'oa jiwe kwenye ukuta uliobomoka wa boma la Wajerumani, nami nilikuwa nalia.

“Bibi, Mjerumani akirudi atakufunga.”

“Haya mawe baba yangu aliyapandisha kwa kichwa, huku akichapwa. Huyo Mjerumani wako alibeba lipi?”

Sikuelewa. Tuliteremka kijijini, jiwe kichwani kwake, nami nikigeuka kila hatua kwa kusikia viatu vya askari. Leo najua walikuwa mbuzi tu, wakikwaruza mawe.

Nyumbani Bibi alilipanga pamoja na mafiga mawili ya zamani. Kabla ya kubandika chungu aliinama, akaligusa.

“Shikamoo, baba,” alisema.