Mshenga Aliyemsingizia Mpishi

Mpaka leo nikipita Buganguzi nageuza uso upande wa pili wa barabara, na nikikueleza sababu utacheka, wewe cheka tu, wenzako wameshacheka.

Mdogo wangu Deusi alitaka kumwoa Anjelina, binti wa Ta Petro, mzee wa Buganguzi, akaniomba niwe mshenga kwa sababu (maneno yake haya) nina mdomo. Nikatoka kwangu Miembeni na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kilichofungwa vizuri, na kwapani kitabu cha upelelezi nilichokiokota mezani kwa Deusi, nikisema nitakisoma njiani. Nilikisoma kweli, nikafika nusu, na sikuwa nimeelewa hata nusu ya hiyo nusu.

Mambo yalianza vizuri. Tulitafuna buni za kahawa, kama ilivyo desturi ya kumpokea mgeni, nikamsifia Deusi, hanywi, hagombani, shamba analipalilia mwenyewe, wazee wanaitikia kwa vichwa, na kibuyu kipo katikati kinangoja, maana wakikifungua ndiyo wametukubali. Ndipo Ta Petro akakiona kitabu.

"Hicho kinasema nini, waitu, ndugu yetu?"

Ningejibu ni hadithi tu, yakaisha. Lakini si nina mdomo! Nikaanza: tajiri kauawa, mara tukaambiwa ana pacha, mara askari anayepeleleza ni mkwe wa mtuhumiwa, mara wosia ni wa uongo, nami najichanganya, narudi nyuma, naanza upya. Nilidhani watachoka. Wapi! Wazee walisogeza viti, mmoja akawa anamtetea mjane wa tajiri kama dada yake, mwingine akataka kujua huyo pacha alikuwa wapi siku ya msiba, na Ta Petro akauliza jambo ambalo mimi msomaji halikunijia kabisa: "Na marehemu wamemzika wapi? Kwenye kibanja chao, shamba la ukoo, au wamemtupa tu huko?"

Sikujua. Nikaona aibu, ile aibu ya mtu aliyesoma ili aonekane anasoma, mbele ya watu waliomhurumia maiti wa kwenye karatasi.

"Basi tuambie aliyemuua," akasema Ta Petro, mkono ukiwa tayari juu ya kibuyu. "Tujue, halafu tunywe."

Hapo ndipo nilipaswa kusema sijamaliza. Nikautazama ule mkono, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Ni mpishi." Na nikaongeza chumvi, jinsi alivyotia sumu, jinsi alivyolia mahakamani, wazee wakaguna, mmoja akamlaani mpishi kwa Kihaya kirefu.

Anjelina alikuwa anapita na kikapu cha kahawa. Akapiga magoti, akamwambia baba yake polepole, "Tata, unisamehe. Hicho kitabu ni changu, nilimwazimisha Deusi. Mpishi hakuua mtu. Na yeye anauawa huko mbele."

Nilitamani kucheka ili nao wacheke, midomo ikagoma. Ta Petro akaondoa mkono kwenye kibuyu, wala hakufoka.

"Mtu asiye na kosa umempa kosa la kuua," akasema, "na ulikuwa unatutazama machoni. Sasa huyo Deusi uliyemsifia tangu asubuhi, tukuamini kwa lipi?"

Nikapewa ndizi na maharage, nikala (huwezi kukataa chakula cha watu), kisha nikasindikizwa kwa heshima zote hadi barabarani, na rubisi yangu mkononi, haijafunguliwa.

Deusi alikuwa ananisubiri mlangoni kwangu, shati limepigwa pasi. Nikamweleza yote. Bora angenitukana. Alikitazama kibuyu, akaniuliza, "Kaka, kwa nini hukusema tu kwamba hujui?"

Nimeapa sitasimulia tena kitabu ambacho sijakimaliza, wala sitamsemea mtu nikiwa na haraka ya kukubaliwa. Kile nimekisoma chote, mara mbili, na muuaji sasa namjua. Ila Buganguzi bado hawajatuita.