Tepe Nyekundu Mbele ya Kwa Mtoro

Niliondoka Dodoma kwa sababu kila mwenzangu ofisini alikuwa na udhuru. Mmoja alikuwa na harusi, mwingine mgongo, wa tatu alizima simu kabisa. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda kijiji kimoja mbele ya Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba, kuwaeleza wananchi kwa Kiswahili chepesi habari ya gesi inayodhaniwa imo kwenye mwamba wa tope chini ya bonde lao, kisha kusikiliza kama wana pingamizi. Ofisi yetu ni ya ushauri tu. Wanaotafuta gesi wanatukodi, na mimi kazi yangu ni kuyalainisha maneno ya wataalamu hadi yamezeke. Nimeifanya miaka mingi na imenichosha. Naliweka wazi hili mapema, asije mtu akatafuta furaha humu akaikosa.

Alfajiri gari lilinipitia nyumbani, mtaa wa Kikuyu. Mbele alikaa dereva, mtu asiyependa maneno, na pembeni yake Injinia Mrisho, msimamizi wa timu iliyopita bondeni miezi michache kabla yetu kupima njia ya magari ya utafiti. Mimi nilikaa nyuma na maboksi ya vipeperushi. Nilitaka kulala, lakini injinia alikuwa ameamka na maneno yake.

Kabla ya Mayamaya tulianza kupishana na pikipiki zilizobeba mkaa, gunia juu ya gunia, zikielekea mjini. Injinia akazionyesha kwa kidole, akasema hiyo ndiyo sababu ya yote: misitu inaishia majikoni Dodoma, na sera inataka watu wapikie gesi. Nikamuuliza, gesi si ipo kule pwani ya kusini? Akasema ipo, ila nchi haiwezi kutegemea chanzo kimoja, na ukitaka kupanga mambo ya miaka ijayo lazima ujue una nini ardhini. Nikamwambia kwangu nina mtungi na nina jiko la mkaa, na maharage bado nayapikia mkaa. Akacheka, akasema watu kama mimi ndio tunaoiangusha sera. Sikubishana naye, alikuwa na haki kidogo.

Chemba tulikunywa chai na chapati, tukaiacha lami. Kuanzia hapo barabara ilitupiga kama tumeikosea. Injinia aliendelea kunifundisha nitakayoyasema mkutanoni: gesi hii haikai kwenye pango ikisubiri kuchotwa, imenasa ndani ya mwamba, na kuitoa kunahitaji kuchimba kwenda chini sana, kisha kusukuma maji na mchanga kwa nguvu mpaka mwamba upasuke. Maji mengi? Mengi, alisema. Wakati huo tulikuwa tunavuka korongo la mto, na akina mama walikuwa wameinama ndani yake wakifukua mchanga ili wapate ndoo moja. Nilitazama upande wa pili. Mtu akichoka hufanya hivyo.

Mchana tuliingia kijijini. Jambo la kwanza nililoliona ni tepe nyekundu, zimefungwa kwenye vigogo vya miti mikubwa pande zote za njia. Injinia alijisifu kidogo kwa hizo. Alisema greda litakapokuja kufungua njia, dereva wake ameagizwa asiguse mti wenye tepe, na vijana wake walifunga kila mti waliouona una mzinga wa nyuki. Walivihurumia hata vyombo vya watu, alisema. Nilitazama juu nikitafuta hiyo mizinga, sikuuona hata mmoja. Nilidhani ni macho yangu na vumbi.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Watu walikuja wengi, wakaamkiana, wakakaa. Nilisema yote niliyopaswa kusema, na ya maji sikuyaficha. Mama mmoja akasimama akauliza hayo maji yatatoka wapi. Injinia akajibu kwamba hilo nalo litafanyiwa utafiti. Mama akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama kuna mwenye neno. Kimya. Wazee walitazama chini na vijana wakawatazama wazee. Injinia aliniinamia akaniambia kwa furaha kwamba hajawahi kuona kijiji chepesi namna hii.

Jioni nilipelekwa kulala kwa Elisha, mfuga nyuki, anayeishi na mama yake. Ni mtu wa makamo, mpole. Mama yake nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono asiuachie, akaniongoza mpaka jikoni. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda. Ugali ule ulinirudishia roho. Nilipotoka kunawa nikaiona mizinga: magogo matupu yamelazwa sambamba nyuma ya nyumba, mengi, na buibui wameshaanza kutanda. Nikamuuliza Elisha mbona mizinga iko chini wakati miti yote inatoa maua.

Akaniambia kwa upole, kama anamwambia mtoto jambo ambalo kila mtu analijua. Kwao mti wa mzinga una alama ya mwenyewe, iliyokatwa kwa shoka kwenye gome. Mtu mwingine akiweka alama yake juu ya mti wako, anasema ana madai. Wewe hupigi kelele. Unaushusha mzinga wako, unakaa nyumbani, unamsubiri aje mlangoni kwako mzungumze. Ukiuacha juu, umechagua ugomvi. Na neno la mti halisemwi uwanjani mbele ya watu, linasemwa nyumbani kwa mwenye mti.

"Tuliona alama zenu tukashusha," alisema. "Tumewasubiri tangu mvua za kwanza. Leo mmekuja, lakini mmepitiliza mkaenda shuleni."

Wale vijana walifunga tepe kuinusuru mizinga, na kwa tepe zilezile mizinga ikashushwa, kijiji kizima. Nyuki walipokuja kutafuta makao walikuta miti mitupu wakapita. Elisha hana shamba la maana. Asali ndiyo inayomlisha yeye na mama yake, na msimu ulikuwa unaondoka.

Asubuhi nilimfuata injinia alikolala nikamleta kwa Elisha, karibu kwa kumvuta shati. Niliona aibu kuwa naye na aibu kuwa mimi. Elisha alitupeleka kwenye mti wake mkubwa, mti ambao alama ya shoka iliyomo ni ya marehemu baba yake, imeshaanza kufunikwa na gome. Tepe ilikuwa imepita juu yake. Nilinyoosha mkono niifungue, yaishe.

"Acha, mama," Elisha aliniambia. "Si wewe uliyefunga."

Waliofunga walikuwa vibarua, na mkataba wao ulishakwisha. Nikamgeukia injinia, yeye ndiye aliyewatuma. Akasema akiifungua, greda likija litauangusha mti. Hapo sikumsukuma zaidi, kwa sababu alilosema lilikuwa kweli. Tepe ikibaki mti unapona lakini hauna nyuki, tepe ikitoka mwenyewe anarudisha mzinga lakini mti hauna kinga.

Elisha alimtazama injinia, si kwa hasira. "Niambie tu, mti ni wangu au ni wenu? Nikijua, nitajua la kufanya."

Injinia Mrisho si mtu mbaya. Alivua kofia. "Kusema kweli, kaka, sijui," alisema. "Ni wako leo. Wakiamua kuchimba, sijui."

"Basi nitasubiri mjue."

Tulirudi Dodoma siku hiyohiyo. Mama yake Elisha alinifungia chupa ya asali ya msimu uliopita, nikakataa, akaniambia mgeni hakatai, nikapokea. Njiani mgongo uliniuma, roho iliniuma zaidi, na magunia ya mkaa yalikuwa bado yanakwenda mjini.

Ofisini, upande wa Ihumwa, nilimsimulia bosi kila kitu, tepe, mizinga, mti wa baba yake Elisha. Alisikiliza vizuri, sina lawama hapo. Kisha akauliza kama kuna aliyepinga. Nikasema hakuna, lakini ile haikuwa ridhaa, walikuwa wanatusubiri tuwafuate majumbani. Akasema ananielewa, na taarifa ikaenda juu ikisema hakuna pingamizi. Haikupita muda mrefu mpango wote ukawekwa kando hadi sera ipitiwe upya. Gesi ya pwani inatosha kwa sasa, walisema. Greda halikwenda. Injinia Mrisho akapata kazi kwingine, namba yake haipatikani.

Safari hiyo ilinifundisha jambo moja. Sisi tunaokaa mezani tunaamini kwamba mpango usioanza haumgharimu mtu. Tukiufuta tunasema hakuna kilichoharibika, tunaagiza chai. Lakini ule mpango ulikuwa umeshaanza siku kijana wa watu alipofunga tepe ya kwanza, na kijijini bado unaendelea, hakuna aliyewaambia umekwisha.

Mwezi uliopita Elisha alinipigia. Alianza kwa salamu za mama yake, akaniuliza afya, kazi, nyumbani. Kisha akaniuliza kama tumeshajua. Nikamwambia wameacha, hawachimbi tena, arudishe mizinga yake. Nilidhani atafurahi.

"Nashukuru, mama," alisema. "Basi mwambie aliyefunga aje afungue. Maua yanakaribia."

Nikamwambia nitamfikishia. Sikuweza kumwambia kwamba sijui ni nani.