Injini Aliyoifuata Mheshimiwa

Nilikuwa karani katika duka la vipuri vya magari huko Ras Al Khor, siku alipoingia mwakilishi wa wadi yetu ya nyumbani. Kaunti ilikuwa imemleta Dubai na wenzake kujifunza mambo ya maji, kwa sababu kwetu mabomba yalikauka zamani. Saa nne asubuhi, wenzake wakiwa darasani, yeye alikuwa anatafuta injini ya gari lake.

Nilimsalimia kwa cheo chake, akajua natoka wadi yake. Yeye ndiye aliyetaka tupige picha, maana mwanasiasa hawezi kumpita mpiga kura hivi hivi. Akanishika bega, mkono wa pili juu ya injini, akatabasamu. Nikamtumia yeye na mama.

Miezi michache baadaye, wachunguzi wa ufisadi wakaanza kuuliza habari za ziara ile. Mheshimiwa akanipigia simu.

"Dada yangu, futa ile picha, na mama naye afute. Nilitia sahihi kwamba nilihudhuria kila siku. Sisi ni watu wa nyumbani."

"Na mama anayebeba maji kichwani ni mtu wa wapi?"

Wajomba nao wakapiga, wakinisihi nisimwaibishe mtu wetu. Nikawaambia khalas, nimeshaamua. Nikawapelekea wachunguzi picha, pamoja na jina langu kamili.

Alipoteza kiti, na siasa zake zikaishia hapo. Nilipokwenda likizo, shangazi alinikuta njiani nikitoka kuteka maji, akaanza kunilaumu kwamba nimemwangusha mheshimiwa. Nikamwambia anitue ndoo kwanza.