Kabati la Pai la Saloma Troyer

Saloma Troyer alikuwa mtu wa kukataa. Ukimkaribisha kiti, anasema kusimama kunamtosha. Ukitaka kumwongezea kahawa, anafunika kikombe kwa kiganja, halafu anakiacha kiganja pale kwa namna ambayo mwenye akili anaelewa kuwa akisihi kidogo kitaondoka. Huku Holmes, wilaya yetu ya wakulima washika dini, wanawake wote wa umri wake wanaujua mchezo huo. Kusema "nataka" ni kujikweza, na kujikweza ni dhambi. Kwa hiyo unakataa, unasihiwa, unakataa tena, unasihiwa tena, ndipo unapokea kwa unyonge, roho kwatu. Kwa njia hiyo Saloma alipata mume, watoto saba na paja la kila kuku aliyewahi kuchinjwa mbele yake.

Halafu Ervin, kitinda mimba wake, akamwoa Verna.

Mwana wa mwisho akishaoa hukabidhiwa shamba na nyumba kubwa, wazee wakahamia ile ndogo ng'ambo ya ua. Saloma alihama bila kununa. Aliacha jiko la kuni, akaacha meza ndefu, akaacha hata saa ya ukutani. Kitu kimoja tu kilimkaa kooni, nacho ni kabati lake la pai.

Lilikuwa la mbao za mwaloni, na milango yake ya bati ilitobolewa matundu madogo yaliyopangwa kwa umbo la nyota, hewa ipite na nzi abaki nje na njaa yake. Mumewe, Enos, alilitengeneza majira ya baridi kabla ya harusi yao, na kila tundu alilipiga mwenyewe kwa nyundo na msumari. Nyota moja ilienda upande, kwa sababu wakati akiipiga alikuwa anamtazama Saloma badala ya msumari. Saloma akifuta vumbi, nyota hiyo huifuta mara mbili.

"Na kabati hili, mama?" Verna aliuliza siku ya kuhama.

"Aa, liache tu, mwanangu," Saloma akasema, akitazama dirishani. "Sisi wazee wawili tulipeleke wapi? Wewe ndiye utakayekuwa na midomo ya kulisha."

Akangoja asihiwe.

"Haya! Asante sana, mama!" Verna akasema, akamkumbatia, akaenda zake kupanga mitungi ya jemu.

Saloma alibaki amesimama kama mtu aliyeachwa na gari moshi. Maskini, hakuna aliyemwambia kwamba kwa akina Verna walizaliwa kumi na mmoja, na kwenye meza ya watoto kumi na mmoja, ukisema "mimi basi", bakuli limeshafika upande wa pili na limebaki mifupa.

"Si umwambie tu," Enos alimshauri walipokuwa kwao.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unalitaka."

"Nani kasema nalitaka?"

"Tangu tukae hapa hujataja kingine."

"Nazungumza tu."

"Basi nitakutengenezea jingine."

"La sasa litakuwa na nyota zilizonyooka," Saloma akasema, kana kwamba hilo ni tusi. Enos akaona heri akaangalie farasi.

Ndipo vikaanza vijembe. Saloma aliweka pai dirishani, akangoja Verna apite na ndoo ya maziwa. "Nzi wa mwaka huu, jamani! Sijui mtu asiye na kabati anafanyaje." Jioni Verna akaja na vifuniko vya kitambaa chepesi, kavishona mwenyewe, pindo na kila kitu. Saloma akalalamikia panya, Verna akamletea paka, dume la rangi ya chungwa ambalo kabla ya chakula cha mchana lilikuwa limeshalamba pai nzima ya molasi. Akalalamikia mgongo, kuinama inama kutafuta pai chini ya meza. Verna akamtuma Ervin apigilie rafu ukutani, usawa wa kifua.

"Mkweo ana roho nzuri mno," Enos alisema, akimkuna paka shingoni.

"Nyamaza wewe."

Angemchukia huyo binti, kama angepata pa kuanzia.

Ikafika zamu ya nyumba kubwa kupokea ibada, maana huku tunasali majumbani kwa zamu. Jumamosi ya kuamkia ibada wanaume walikuja kutoa vyombo ili mabenchi yapate nafasi, na wanawake wakaja na pai. Saloma alikuwa anapanda ngazi za baraza, pai mkono huu na pai mkono huu, alipoliona kabati linatoka mlangoni limebebwa na wanaume wanne, Enos na Ervin wakiwa mbele.

"Linakwenda wapi hilo?"

"Ghalani, mama," Ervin akajibu. "Mpaka Jumatatu."

"Kwenye kuku?"

"Litafunikwa."

"Nalitaka!"

Lilimponyoka tu. Mke wa askofu akainamia sakafu kama mtu aliyedondosha pini.

"Nalitaka kabati langu," Saloma akasema, uso umewaka. "Nilisema liache, lakini sikuwa na maana hiyo. Nimelitaka tangu siku ile ile."

Verna alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mbona hukusema, mama?"

"Ulitakiwa unisihi!"

"Nikusihi?"

"Mara mbili! Kila mtu anajua ni mara mbili!"

Wanaume wakaanza kucheka. Verna hakucheka. Macho yalimjaa machozi.

"Mimi nilijua umenipa kwa kuwa umenipenda," akasema. "Tangu niingie humu, kwako chumvi yangu imezidi, mapazia yangu yamepinda. Nikawa najisemea, sawa, lakini kabati si alinipa? Nilimwambia mama yangu. Dada zangu wote nimewaringia."

Hapo Saloma aliumia kwelikweli. Wanawake wote walijua sasa kinachofuata: atasema libaki, yeye hana shida nalo. Maneno yalikuwa tayari ulimini.

"Liende wapi, jamani?" Enos akauliza kutoka chini ya pembe nzito. "Semeni, mgongo huu ni wa zamani."

Saloma akaziweka pai kwenye benchi. Akamshika Verna mashavu yote mawili.

"Kukupenda nakupenda, mwanangu, tena sana. Lakini kabati nalitaka."

Verna akamtazama.

"Rudia."

"Kabati nalitaka."

"Lile neno la kwanza, mama."

Saloma akalirudia, kwa sauti, mke wa askofu akisikia. Verna akajipangusa pua kwa aproni, akamsukuma Ervin kando, akashika pembe ya kabati mwenyewe, wakavuka nalo ua.