Nilimmwagia Uji wa Moto Muuguzi Aliyekuwa Akimlinda Baba Yangu

Naanza na kosa lenyewe, ili usinihurumie kabla ya kujua. Nilimmwagia muuguzi uji wa moto. Ilikuwa asubuhi, akili zangu zote zikiwepo, mbele ya wagonjwa sita na jamaa zao. Sikuwa nimelewa. Nilitaka aumie, na aliumia.

Mi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nauza vitenge sokoni Jabe. Nilizaliwa Uvira. Vita vilipotufukuza nilivuka mpaka wa Kongo na baba yangu, mwalimu mstaafu, tukapanga vyumba viwili Nyakabiga. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili tu. Kila alfajiri baba alinipikia chai kabla sijaenda sokoni. Mwanamke mzima, na bado baba yangu ananipikia chai.

Basi ngiri aliyokuwa nayo tumboni ikamzidi, akawa anatembea ameinama, mkono tumboni. Tukaenda hospitali, wakasema lazima apasuliwe, wakampa kitanda siku hiyo hiyo.

Pale kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, mwanaume mmoja aliangalia karatasi zetu za ukimbizi akasema, "Nyinyi Wakongomani mumejaa humu kama vile hii hospitali ni yenu." Baba alijifanya hajasikia. Mi nilisikia. Lile neno nililala nalo na nikaamka nalo.

Kesho yake, kama saa nne asubuhi, nilifika wodini na termosi ya uji wa ulezi niliotoka kuuepua. Kwenye kitanda cha baba walikuwa wamebandika karatasi yenye maneno mawili ya Kifaransa: à jeun. Leo nayajua. Maana yake mgonjwa asile wala asinywe kitu, anaenda kupasuliwa. Siku ile sikuyajua, na sikumuuliza mtu.

"Umekula, baba?"

"Apana, mama. Tangu jana jioni hawanipatie kitu. Njaa inaniuma."

Unaelewa vile moyo wangu ulifanya? Nilimimina uji kwenye kikombe, nikamshika kichwa ili anywe. Hapo akaingia muuguzi, binti mwembamba ambaye ningeweza kumzaa. Nitamwita Goreti, ingawa si jina lake. Alikuja mbio.

"Oya, oya, mama! Asikunywe ile!"

Akaninyang'anya kikombe, akaenda akaumwaga uji wote kwenye sinki.

Watu wote wodini waligeuka kuniangalia. Nikaona nimedharauliwa. Nikamwona yule mwanaume wa dirishani ndani ya uso wa huyu binti.

"Munamunyima muzee chakula juu ni Mukongomani," nikamwambia.

"Apana, mama, sikiliza kwanza. Leo muzee anaenda..."

Sikumwacha amalize. Termosi ilikuwa mkononi, kifuniko wazi. Nilimrushia uji wote.

Uji haupiti kama maji. Unashika. Ulimshika shingoni na kifuani, naye akaukwangua kwa mkono wa kulia, mkono nao ukaungua. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Yesu wangu," akakaa chini sakafuni.

Baba alikuwa amejiinua kitandani. "We mama, umefanya nini?"

Wauguzi wenzake walimbeba Goreti. Muuguzi mmoja mzee alibaki amesimama mbele yangu. Akaniambia, "Muzee anapasuliwa leo. Angekunywa ule uji, angeutapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, uingie kwenye mapafu, afie mezani. Ndiyo maana huyu mutoto aliumwaga."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilikuwa nimechelewa. Polisi walinichukua wodini baba akiangalia.

Nililala kwenye kasho, mahabusu ya polisi, halafu gerezani, nikingoja kuhukumiwa. Nilidhani watasema ni ugomvi wa wanawake wawili, niombe msamaha nirudi sokoni. Hakimu aliniambia kwamba kumpiga mtu aliye kazini anahudumia wagonjwa si sawa na kupigana barabarani, kwa sababu ukimuumiza mmoja umewanyima na wote aliokuwa anawatibu. Akanihukumu mwaka mmoja na nusu.

Lakini si hukumu iliyonivunja. Ni Goreti. Alikuja mahakamani na bendeji hadi kidevuni. Walipomuuliza kama tulikuwa na kisa, alisema, "Sijui alinikasirikia nini. Ilikuwa mara ya kwanza tunaonana." Nilitamani anitukane.

Na baba? Siku ile hakupasuliwa. Wodi ilivurugika, zamu yake ikapita. Walimpasua baada ya siku mbili, utumbo ukiwa umeshajinyonga, wakakata kipande. Hakuna daktari aliyeniambia ni kwa sababu yangu. Na mi sikuthubutu kuuliza.

Nani alimlinda? Unajua hospitalini kwetu mgonjwa anahitaji mtu wake wa kumpikia na kumfulia. Wa kwake nilikuwa mimi. Jirani yetu, Mama Riziki, alikuwa akienda anapopata nafasi. Siku asizoweza, wauguzi walewale, wenzake Goreti, walimwosha baba yangu na kumgawia chakula chao. Mama Riziki aliniambia kwamba kila muuguzi aliyekuja kumgusa, baba alimwomba msamaha kwanza, halafu ndiyo anampa mkono apigwe sindano.

Alipoweza kutembea, alikuja kuniona gerezani mara moja. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Tulikaa kwenye benchi. Akasema, "Waliniambia, mama. Ule usiku waliniambia nisikule kitu. Nilisahau, ao njaa ilikuwa inanidanganya. Sijui. Ni mi nilikuponza."

Nilimwambia, "Apana, baba, ni mi." Alitingisha kichwa. Aliondoka akiamini kosa ni lake, na sikupata tena nafasi ya kumwondolea wazo hilo. Mwezi wa nne wa kifungo changu homa ilimchukua kwa siku tatu tu.

Nilipotoka nilikwenda kumtafuta Goreti. Nilimkuta nyuma ya meza, anaandika kadi za wagonjwa kwa mkono wa kushoto. Vidole vya mkono wa kulia haviwezi tena kunyooka. Wenzake waliniambia kwamba zamani, mshipa wa mtoto mchanga wa kupiga sindano ukikosekana, yeye ndiye aliyeitwa, naye aliupata. Sasa hawamwiti.

Nilipiga magoti pale pale, foleni ikiwa nyuma yangu.

"Inuka, mama," akasema. "Nimekusamehe, juu sitaki kuendelea kukubeba moyoni. Lakini usirudi tena hapa kuniona."

Sijarudi.

Wewe unayesoma, labda kesho utakuwa kwenye korido ya hospitali, mgonjwa wako analia, na unaona hakuna anayejali. Pengine utakuwa na haki ya kukasirika. Pengine kuna mtu kweli amekudharau, kama mimi nilivyodharauliwa pale dirishani. Lakini aliyekudharau si huyu aliyeshika sindano. Toka nje, vuta pumzi, rudi umuulize: mbona mnafanya hivi? Akikujibu kwa haraka, uliza tena. Ukiona amemwonea mgonjwa wako, kamshtaki kwa mkubwa wake. Mkono wako usiunyooshe.

Mimi sikungoja binti wa watu amalize sentensi moja. Baba yangu alizikwa na majirani, na mimi habari nililetewa na askari wa gereza, nikiwa nafua nguo.