Laptop Nyembamba Siku Mama Alipostaafu

Mpaka leo nikimwona mtu wa Ekerenyo, kijijini kwetu, sokoni huwa natafuta njia ya kuvuka barabara, na aibu yenyewe ni kubwa zaidi kwa sababu mimi ni mwalimu wa kompyuta, mtu anayelipwa kufundisha watoto wa wenyewe jinsi ya kuwasha mashine.

Wakati huo nilikuwa nimeipenda Linux, ule mfumo wa kompyuta usionunuliwa, unaupakua tu na kuuweka, na ukitaka unaufungua uone ulivyoundwa ndani. Niliipenda kama mtu aliyeokoka juzi, sikuweza kunywa chai na mtu bila kumhubiria. Kwa hivyo laptop yangu ya zamani ilipokufa nikaenda Kisii mjini kwa Mama Zuhura, ambaye familia yake imeuza vitu vya umeme karibu na msikiti tangu sijazaliwa, na alipojua ninachotaka akanitolea moja nyeusi, nene, iliyotumika ofisini miaka kadhaa.

"Mwalimu, chukua hii," aliniambia. "Wateja wangu wa Linux hawajawahi kunirudishia. Ile nyembamba unayoitazama ni mpya mno, sijui kama itakubali."

Lakini ile nyembamba ilikuwa ya rangi ya fedha, inang'aa, na mimi nikawaza Jumapili ya sherehe ya Mama kustaafu ualimu, ukoo mzima ukinitazama nimekumbatia kitu kama tofali. Nikachukua nyembamba, jioni hiyo hiyo nikaiwekea Linux. (Uamuzi wa dakika moja, jamani, hata chai aliyonimiminia haikuwa imepoa.)

Kwenye sherehe nilikuwa na kazi moja tu. Baba yangu, sisi tulimwita Tata, alikuwa amefariki miaka sita kabla, na sauti yake ilibaki katika rekodi moja ya dakika tatu, akisimulia alivyomwona Mama mara ya kwanza kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Mama hakujua kwamba rekodi hiyo ipo. Niliitoa kwenye simu ya Tata iliyopasuka kioo, nikaihamishia kwenye laptop, nikaisikiliza kwa zile spika ndogo za masikioni zisizo na waya, nikamsikia Tata vizuri kabisa, nikatulia. (Spika za laptop yenyewe sikuzijaribu. Msiniulize kwa nini, hata mimi najiuliza.)

Basi Jumapili ikafika, hema limejaa, walimu wenzake Mama wamekaa mbele na wazee wa kanisa, na picha ya Tata kutoka kwenye laptop yangu inaonekana kubwa, kwa projekta, kwenye shuka jeupe tulilotundika mbele ya hema. Mjomba Nyamweya, aliyekuwa mshereheshaji, akatangaza kwamba mwalimu ana zawadi kwa mama yake. Nikabonyeza. Kimya. Nikachomeka waya wa vile vipaza sauti tulivyokodi, nikabonyeza tena, kimya kile kile, na laptop ikaniandikia kwamba haioni kifaa chochote cha sauti.

Mtu mwenye akili angeomba radhi akaketi. Mimi nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikasahau kwamba kila kitu kinaonekana kwenye shuka, na uso wa Tata ukafunikwa na maandishi meupe yanayokimbia. Mama mmoja nyuma akauliza kwa Kigusii kama hayo ni majina ya waliotuma salamu. Mjomba akawaomba watu wawe na subira, mwalimu bado anamtafuta Tata ndani ya mashine. Nilikuwa natokwa na jasho mpaka vidole vinateleza, nikaamua kuizima na kuiwasha upya, na hapo haikuwaka tena, tukabaki wote tunatazama shuka tupu.

Mama akasimama, akaniuliza polepole nilitaka kuwaonyesha nini. Nikamwambia ni sauti ya Tata, akieleza alivyomwona pale kituoni. Akachukua maikrofoni kutoka kwa Mjomba.

"Najua anachosema," akasema. "Anasema aliniona kwanza. Si kweli. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Kikapu chake kilikuwa kimetoboka, majani yanamwagika njia nzima, na yeye anapiga mluzi tu."

Watu wakacheka, naye akaendelea kwa muda mrefu, mambo ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kusikia, ukungu wa asubuhi ile, gumboti alizoazima kwa dada yake ili apite tena pale kesho yake, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, laptop iliyokufa mapajani, nacheka huku nafuta macho.

Wiki iliyofuata niliiwasha kwa kutumia flashi niliyoiwekea Linux, nikaikuta rekodi iko salama, nikampelekea Mama jikoni akipika chinsaga, ile mboga yetu ya majani machungu. Alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. "Siku hiyo alikuwa na mafua," akasema, kisha akaniomba nirudie.

Linux bado naitumia, haikuwa na kosa, kosa lilikuwa macho yangu. Ila siku hizi naingia dukani na flashi yenye Linux mfukoni, nawasha nayo laptop pale pale kabla ya kuuliza bei, nacheza wimbo kwa spika zake zenyewe mpaka wateja wengine wageuke, na ikinyamaza naifunga, nashukuru, naondoka. Mashine iliyokosa sauti mbele ya muuzaji haitaipata mbele ya wageni.